Uhuru Usio na Mashemasi

Ukiwauliza vijana wetu intaneti ilitoka wapi, wengi watataja matajiri wa kompyuta. Waliosoma zaidi watataja jeshi la Marekani, wala hawatakosea, kwa maana mtandao wa ARPANET uliunganishwa mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Lakini ile imani kwamba habari ziwe huru na mtu asizuiwe kusema, kwa sehemu kubwa ilitoka kwa vijana waliolikataa jeshi hilohilo.

Vita vya Vietnam vilipokuwa vikiendelea, vijana wengi wa Marekani waliacha mijini wakaenda kuishi pamoja mashambani. Waliitwa mahipi. Walitaka mali iwe ya wote, pasiwe na bwana wala amri. Mwaka 1968, katika mji wa Menlo Park, California, Stewart Brand alianza kuwachapia Whole Earth Catalog, orodha ya vitabu na zana za kujitegemea. Fundisho lake lilikuwa jepesi: mpe mtu wa kawaida chombo, naye atajikomboa.

Jumuiya nyingi kati ya hizo zilivunjika baada ya miaka michache, ila fundisho lilibaki, likahamia kwenye kompyuta. Machi 1975, katika gereji moja hapo hapo Menlo Park, mafundi walianzisha klabu ya Homebrew, wakagawiana michoro na maarifa bure. Mmoja wao, Steve Wozniak, ndiye aliyebuni kompyuta ya kwanza ya Apple. Mwaka 1985 Brand na Larry Brilliant walianzisha WELL, baraza la mazungumzo kwa njia ya kompyuta. Mshiriki wake mmoja, John Perry Barlow, aliyetungia nyimbo bendi ya Grateful Dead, aliandika tamko Februari 1996 akiziambia serikali kwamba hazina mamlaka katika ulimwengu huo mpya.

Tusiyadharau matunda ya imani hiyo. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu angeweza kuzitumia, kuzichunguza na kuzirekebisha. Mwaka 1993 taasisi ya CERN, Uswisi, iliwaachia watu wote bila malipo ile wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee. Hata anayesoma Biblia kwenye simu leo anakula matunda hayo.

Hata hivyo, palikuwa na ufa tangu mwanzo. Mwanahistoria Fred Turner ameonyesha kwamba katika jumuiya zile zisizo na kanuni, mamlaka hayakutoweka, bali yalijificha. Mwenye ulimi na mvuto ndiye aliyetawala, na mara nyingi jiko na watoto viliachiwa wanawake. Mtandao nao ukafuata njia hiyo. Mwaka 1998 Google ilianzia kwenye gereji ya Menlo Park. Mwaka 2011 Facebook ilihamishia makao yake makuu katika mji huo. Pale palipohubiriwa kwamba pasiwe na bwana, leo wanakaa mabwana wakubwa wa habari za watu.

Kanisa la Yerusalemu nalo lilikuwa na vitu vyote shirika (Matendo 2). Lakini tukifika sura ya 6 tunakuta wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba upendo utajirekebisha wenyewe. Walitaka watu saba wachaguliwe, ambao mapokeo yetu yanawaita mashemasi, ili mnyonge awe na wa kumwangalia. Luther, katika kitabu chake cha uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520, alifundisha jambo hilohilo: aliyewekwa huru na Kristo hana bwana juu yake, na papo hapo ni mtumishi wa kila mtu.

Mahipi walishika nusu ya kwanza kwa moyo wote, nusu ya pili wakaiacha ijitokeze yenyewe. Nasi tumerithi uhuru huo ulivyo. Wajane wetu wa mtandaoni ni binti ambaye picha yake inasambazwa, mzee anayetapeliwa kwa ujumbe wa maombi na sadaka, na jirani anayechafuliwa jina usiku mmoja. Katika kundi la WhatsApp la jumuiya yako, ni nani aliyekabidhiwa kuwaangalia hao?