Simba Wawili wa Mtaa wa Banda

Nilitoka Mtoni saa tisa usiku, nimekaa nyuma ya bodaboda, begi kifuani, nikiwahi basi la Nairobi pale Mbezi. Wenzangu wengi kwenye basi lile walikuwa wanafuata biashara. Mimi nilikuwa nafuata maktaba. Nilipomuaga bibi yangu usiku uliotangulia alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Mjukuu wangu, vitabu vya hapa umevimaliza?"

Sikuwa nimevimaliza. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na mapenzi yangu ya vitabu yalianzia Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, nilikoanza kwenda nikiwa kidato cha pili. Lakini kwenye usomaji wangu jina la McMillan lilikuwa linanirudia kila mara, na kuna majengo ambayo picha haziyatoshi. Basi nikadunduliza nauli.

Chalinze, Korogwe, Moshi, Arusha, Namanga. Tukagonga mihuri, tukaonyesha kadi za homa ya manjano, tukaingia Nairobi usiku, kumepoa kwelikweli. Asubuhi yake nilitembea kwa miguu hadi Mtaa wa Banda, jirani na Msikiti wa Jamia, na hapo nikawaona simba wawili wa mawe wamelala kila upande wa ngazi. Nyuma yao zinasimama nguzo ndefu zinazokumbusha mahekalu ya Wagiriki. Hiyo ndiyo McMillan Memorial Library, maktaba kongwe kuliko zote Nairobi.

Aliyeijenga ni mjane. Mumewe, William Northrup McMillan, alizaliwa St. Louis, Marekani, akaja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akajipatia shamba kubwa la Juja. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa wageni wake. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lucie, akaamua kumbukumbu yake iwe nyumba ya vitabu. Shirika la Carnegie la Marekani likachangia, na mwaka 1931 milango ikafunguliwa. Mwaka 1938 ikatungwa sheria maalumu kwa ajili ya maktaba hiyo peke yake.

Hadi hapo ni hadithi nzuri ya mapenzi. Tatizo ni kwamba milango hiyo ilifunguliwa kwa Wazungu tu. Mwafrika wa Nairobi angeweza kubeba mawe ya kuijenga, kufagia ngazi zake, kuwafuta vumbi wale simba, lakini kukaa ndani na kufungua kitabu hakuruhusiwa. Mhindi mwenye duka mtaa wa pili naye hakuruhusiwa. Hali ikabaki hivyo hadi mwaka 1958, na mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa kwa baraza la jiji. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale chini: kutoka 1931 hadi 1958 ni miaka 27. Mtoto aliyezaliwa mtaa wa jirani siku ya ufunguzi angeweza kukua, kuoa, kupata watoto wake na kuwafundisha kusoma, bila yeye kuvuka kizingiti kile hata mara moja.

Niliingia. Nakiri nilisita kidogo kwenye ngazi, ingawa hakuna aliyekuwa ananizuia. Mlinzi alisema "karibu sana, dada," akaendelea na simu yake.

Ndani kuna harufu ninayoijua, ya karatasi zilizokula vumbi na mbao za zamani. Kuna pembe za tembo, na kuna samani ambazo inaelezwa zilitoka nyumbani kwa Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyeondoka Kenya mwaka huohuo wa 1931. Lakini hazina niliyoifuata ni magazeti ya zamani, yaliyojalidiwa vitabu vinene ambavyo lazima uvibebe kwa mikono miwili. Nilisoma mpaka macho yakauma. Matangazo ya meli, bei za kahawa, malalamiko ya walowezi kuhusu vibarua. Watu wa rangi yangu wapo humo, ila wanazungumzwa tu. Ni wafanyakazi, ni kodi, ni kipande.

Hapo nikakwama kwenye jambo ambalo hadi leo sijalimaliza. Mimi, mwanafunzi wa historia kutoka Temeke, naandika habari za mababu zangu kwa kutumia karatasi zilizotunzwa na watu ambao wasingewaruhusu mababu hao kuzisoma. Nishukuru au nikasirike? Nilichofanya ni kunukuu ukurasa na tarehe kwenye daftari, kisha nikafungua jalada lililofuata. Meza ya pembeni walikaa vijana watatu wakijisomea mitihani, mmoja kalalia kitabu cha hesabu. Kwao hapo ni mahali pa kusomea tu. Labda huo ndio ushindi wenyewe.

Kwenye basi la kurudi nilijiona mwenye bahati. Sisi, nilijiambia, maktaba yetu haikuwahi kuwa na ubaguzi. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, miezi kumi tu baada ya Azimio la Arusha. Ilikuwa ya kila mtu tangu siku ya kwanza.

Nikafika Mtoni, nikamwamkia bibi, nikamsimulia simba, nguzo, ile miaka 27. Alisikiliza akichambua mchicha. Kisha akauliza: "Na hiyo ya kwetu iko wapi?"

Nikamweleza. Akaacha mchicha. "Lile jengo? Nalipita kila nikienda kliniki Muhimbili. Mimi nilijua ni ofisi ya serikali."

Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, hapahapa Mtoni, kwenye madarasa ya jioni ya miaka ya 1970. Wakati wa sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma, naye alikuwa mmoja wao. Bado anacho kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati ya kiwanja. Ni msomaji kuliko wengi ninaosoma nao. Na kwa zaidi ya miaka 50 amepita mbele ya maktaba ambayo hakuna sheria wala mlinzi aliyewahi kumkataza kuingia, na hakuingia, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni yake.

Nikakumbuka jambo nililolisoma Nairobi na kulipita haraka. Taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange ili kufufua maktaba hizo, haikuanza na jengo la simba. Walianza kukarabati matawi mawili madogo, Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida upande wa mashariki wa jiji. Wakati ule nilidhani ni suala la bajeti. Sasa naona kuna akili zaidi ya hiyo. Mlango ulio wazi mjini ni safari ya nauli na nusu siku kwa mtu wa Mtoni, na anayejiona si msomi hatapanda daladala kwenda kuujaribu.

Siku ya kliniki iliyofuata tulishuka mapema. Bibi alipanda ngazi polepole, ameshika mkono wangu, khanga ameifunga vizuri kama anayekwenda harusini. Mlangoni akasimama, akaninong'oneza, "Tunaingia tu hivihivi?"

Nikamwambia ndiyo, hivihivi. Tukachelewa kliniki.