Tanuri au Kinu? Juu ya Jina la Mtambo wa Myeyungano

Msafiri atokaye Tanga mjini kwenda Pangani hupita karibu na magofu ya Tongoni, penye msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Mawe yale yalitoka baharini, na chokaa nayo ilitokana na mawe ya namna ile ile, yakiisha kuchomwa. Namna ya kuchoma pwani hii inajulikana: magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe huwekwa juu yake, kisha lundo zima hutiwa moto. Jambo la kuangaliwa ni kwamba lundo hilo halina ukuta. Huitwa tanuri la chokaa, au tanuu, lakini hakuna kitu kiuzungukacho moto. Mpango wa magogo ndio unaouzuia. Yakipangwa vibaya, lundo huinama upande mmoja, mawe humwagika kabla hayajaiva, na kazi huharibika.

Neno tanuri tumelipata kwa Kiarabu, na huko ni chombo cha kuokea mkate, chenye ukuta wa udongo upokeao joto na kulirudisha. Basi wachoma chokaa walilichukua jina wakauacha ukuta. Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu sasa tunatakiwa kuutaja kwa Kiswahili mtambo ambamo viini vya haidrojeni nzito huunganishwa kwa joto la nyuzi zaidi ya milioni mia moja. Tuseme tanuri, au tuseme kinu, kama magazeti yasemavyo kinu cha nyuklia? Si shauri dogo, maana mwanafunzi huanza kufahamu kitu kwa jina lake.

Katika joto hilo atomu huvuliwa elektroni zake, na maada huwa plazima, ambayo wengine huiita utegili. Watu hudhani kuwa hatari ni ukuta kuyeyuka tu. Lakini plazima hiyo ni nyembamba mno kuliko hewa. Ikigusa ukuta, yenyewe hupoa na kuchafuka mara moja. Kwa hiyo huzuiwa kwa sumaku, na hapo ndipo ilipo shida ya lundo la magogo. Umeme upitao katika plazima huizungushia uga wa sumaku unaoibana. Plazima ikipinda kidogo tu, uga hukazana upande wa ndani wa kombo na kulegea upande wa nje, hivyo huisukuma izidi kupinda, hata igonge ukuta.

Waingereza waliyaona haya huko Harwell. Mnamo Januari 1958 walitangaza kwamba mtambo wao, ZETA, umefika nyuzi milioni tano, na kwamba nyutroni zilizoonekana huenda zimetokana na myeyungano. Mwezi wa Mei mwaka ule ule walilitengua tangazo hilo: nyutroni zilitoka kwa chembe chache zilizorushwa na misukosuko ya plazima, si kwa joto lake. Warusi waliikaza pete ya plazima kwa uga wenye nguvu uliofuata mviringo wake, kama kamba ya nanga inyooshwavyo, wakauita mtambo wao tokamaki. Matokeo yao ya mwaka 1968 hayakusadikiwa mpaka Waingereza walipokwenda Moscow mwaka 1969 na kulipima joto kwa mwali wa leza. Hata hivyo msukosuko haukwisha. Hadi leo plazima ya tokamaki huweza kuvunjika ghafula na kuumwaga moto wake ukutani kwa muda wa sehemu ndogo ya sekunde.

Ukuta wenyewe una historia ya kwenda na kurudi. Katika miaka ya 1970 walijaribu tungsteni, metali ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 3,422. Lakini chembe zake chache katika kila laki moja za plazima zatosha kutawanya joto lote kwa mnururisho. Wakakimbilia kaboni, ambayo haidhuru sana. Nayo ikaonekana kuifyonza na kuificha triti, fueli yenyewe, ambayo ina mionzi na ni adimu. Huko Culham mtambo wa JET ulibomolewa ndani kuanzia mwaka 2009, ukarudi kazini mwaka 2011 ukiwa na ukuta wa berili na sakafu ya tungsteni. Ulifungwa Desemba 2023, baada ya kutoa megajuli 69 katika jaribio moja. Mwaka huo huo wajenzi wa ITER, Ufaransa, waliazimia kuiacha berili na kuweka tungsteni mahali pake. Miaka hamsini imepita, na metali ni ile ile. Kilichobadilika ni maarifa ya kuizuia isiingie katika moto.

Hapo ningesema tanuri halifai, kwa kuwa linatufundisha kutafuta ukuta ubebao moto. Ila tanuu la Tongoni lingelitetea. Kinu nalo mwanzoni lilinichukiza, kwani kinu ni chombo kipigwacho mchi, na plazima haitakiwi kugonga chochote. Lakini nyutroni haina chaji, na hakuna sumaku iwezayo kuizuia. Kila viini vya duteri na triti viunganapo, nyutroni moja hutoka kwa kasi kubwa, ikaupiga ukuta na kuzing’oa atomu zake mahali pake, na hadi sasa hakuna metali iliyojaribiwa kwa pigo hilo kwa kadiri ambayo mtambo wa kuzalisha umeme utalipokea. Waliosema kinu huenda hawakuifikiria nyutroni, lakini mchi upo.