Tairi Lililopanda Milimani

Fundi aligeuza tairi ndani nje, akachukua kipande cha pamba na kukipitisha polepole upande wa ndani, kama mtu anayepangusa sahani. Pamba ikanasa. Akavaa miwani, akabana kwa koleo, akatoa mwiba wa mgunga usiozidi punje ya mchele. "Huyu hapa mgeni wako," akasema. Hiyo ilikuwa pancha yangu ya tatu ndani ya wiki mbili, zote kwenye mteremko uleule wa Kisumu unaotoka Milimani kwenda Dunga. Mara mbili za kwanza niliziba tyubu, nikamwacha mgeni ndani ya nyumba.

"Jaduong', mzee wangu, basi nibadilishe tairi?"

"Hili ni la kushindania, mwalimu. Si la kuishi nalo."

Baiskeli yenyewe niliinunua mtumba: ya mashindano, nyepesi, hendeli zimejikunja kama pembe za kondoo dume. Matairi yake yalikuwa ya milimita 23, upana wa kidole gumba. Mzee alilitupia jicho tairi langu, kisha akalitazama lile la baiskeli ya Black Mamba iliyoegemezwa kwenye mti, nene na jeusi, limevaa vumbi la siku nyingi. Hakusema neno. Lakini katika kutazama kule mna historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Reli ilifika hapa Desemba 1901. Mji ukaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Maofisa wa kizungu wakapanda kujenga mahali penye upepo, juu kidogo ya ziwa, na huko ndiko Milimani ya leo. Novemba 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, alipita Kisumu kwenda kupanda meli ya Uganda. Katika kitabu chake *My African Journey* cha 1908 aliisifu baiskeli kuliko njia nyingine zote za kusafiri katika sehemu ya kati ya bara hili. Sifa zile zina sharti, lakini. Alikuwa akizungumzia kiangazi, wakati vijia vimekanyagwa na nyayo za wenyeji hadi vikawa laini kama sakafu. Masika hakuyatia ndani ya sifa zake, na mtu yeyote aliyewahi kusukuma baiskeli kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano mwezi wa Aprili anajua kwa nini.

Tairi lenyewe wakati huo lilikuwa bado changa. Mskoti Robert William Thomson alisajili wazo la gurudumu lenye upepo mwaka 1845, baiskeli ya kulivaa ikiwa haijapatikana, na wazo likalala. Mwaka 1887 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alimfungia mwanawe mipira yenye upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu ili isimtikise kwenye mawe. Alipewa hataza mwaka 1888. Mei mwaka uliofuata Willie Hume aliingia mashindanoni Belfast na matairi hayo manene, watu wakamcheka, kisha akawashinda. Baadaye hataza ya Dunlop ikabatilishwa kwa kuwa Thomson alikuwa amemtangulia. Kilichomsaidia mwendeshaji wa kawaida zaidi kilikuja mwaka 1891, Édouard Michelin alipotoa tairi la kuvuliwa na kuvikwa. Kabla ya hapo tairi lilikuwa limegundishwa kwenye rimu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Fundi wetu wa chini ya mti asingekuwa na kazi bila Mfaransa huyo.

Na mpira wenyewe ulitoka wapi? Kiswahili kinajibu kabla hujauliza. Neno mpira kwetu ni mmea kwanza, ule utambaao wa msituni wenye utomvu mweupe, kisha ndipo likawa jina la kila kitu kilichotokana na utomvu huo, kuanzia kandanda hadi bomba la kumwagilia maua. Dunia ilipoanza kupanda baiskeli katika muongo wa 1890, utomvu ule ukawa dhahabu. Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ililipa gharama ambayo hakuna duka la baiskeli lililowahi kuiandika kwenye risiti: vijiji vilitozwa kilo za mpira, wake za watu wakashikwa mateka, mikono ikakatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliuanika uovu huo, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa nchi, ikawa koloni la Ubelgiji. Upande wa Tanganyika Wajerumani walipanda mashamba ya mipira huko Tanga na Muheza, hadi bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa sababu mpira wa Malaya ulikuwa umefurika sokoni. Anayependa hadithi ya baiskeli kama chombo safi kisichodhuru mtu aisome na sura hii.

Tairi la awali halikuwa jeusi. Lilikuwa na rangi ya kijivu au nyeupe chafu, na lililika upesi. Weusi uliingia katika muongo wa 1910, watengenezaji walipogundua kwamba mpira ukichanganywa na masizi ya kaboni hudumu mara nyingi zaidi. Ndiyo, masizi, ndugu yake yale yaliyo chini ya sufuria ya nyumbani. Tukisema leo tairi ni gumu, kwa sehemu kubwa tunasifu moshi.

Kisha kuna Vita vya Pili. Wajapani waliingia Malaya Desemba 1941, wengi wao wakisonga mbele kwa baiskeli, na matairi yao yalipopasuka kwa joto waliyavua wakaendelea kukanyaga juu ya rimu tupu, kelele zikisikika usiku kama za vifaru. Singapore ilipoanguka Februari 1942, mpira ukaadimika upande wa Waingereza. Mashamba ya zamani ya Kijerumani Tanganyika yakarudi kugemwa.

Lililoijenga Kisumu ninayoijua mimi, lakini, ni tairi la Black Mamba. Jina ni la nyoka, ingawa kwa mtu wa ziwani mamba ni mnyama mwingine kabisa, naye pia si wa kuchezewa. Waluo baiskeli huiita ndiga. Chuma kizito, breki za vyuma virefu badala ya waya, karia ya kubebea gunia, na magurudumu ya inchi 28 yenye matairi ya inchi moja na nusu, yaani karibu milimita 40. Miaka ya 1960 huko Busia vijana walianza kuwavusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakipaza sauti neno la Kiingereza la mpaka, na likazaa boda boda. Ilipofika Kisumu, karia ikawekewa mto wa sponji na vyuma vya kukanyagia, na mama aliyetoka sokoni Kibuye na kikapu cha omena akaketi upande mmoja, ameshikilia kiti cha dereva.

Mahesabu ya tairi hilo yanataka heshima. Dereva, abiria, kikapu na baiskeli yenyewe vinaweza kufika kilo 170, na mzigo mkubwa uko juu ya gurudumu la nyuma. Ndiyo maana waendesha boda waliweka tairi jipya nyuma, na lililochoka wakalihamishia mbele. Tairi lililopasuka ubavuni halikutupwa: kipande cha tairi lingine kilikatwa, kikawekwa ndani kama kiraka cha koti, na safari ikaendelea. Tyubu iliyokufa ilikatwa vipande virefu vya kufungia mizigo. Ukisimama leo barabarani Kondele utaona magodoro, kuku na mabati yakiwa yamefungwa kwa vipande hivyo, ila sasa viko juu ya pikipiki. Serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, za chini ya cc 250, mwaka 2008, na baiskeli za abiria zikapungua mjini mwaka hadi mwaka. Tuktuk zikamaliza kilichobaki.

Baiskeli ya mizigo haikufa, hata hivyo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, huunganisha baiskeli zake za Buffalo hapahapa Kisumu. Karia yake imekusudiwa kilo 100, na matairi yake yametengenezwa mahususi kuhimili miiba. Waliounda ile baiskeli hawakuhangaika na wepesi. Waliwasikiliza watumiaji.

Wakati huo huo, Ulaya ilikuwa imepotelea upande mwingine. Kwa miongo mingi waendeshaji wa mashindano waliamini kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo hadi liwe gumu kama fimbo ndilo lenye kasi: milimita 21, 23, upepo wa paundi 100 na zaidi. Kwenye uwanja laini wa mashindano hilo lina ukweli. Barabarani, tairi gumu hurushwa juu na kila kokoto, na nguvu unayokanyaga huishia kukutikisa kiuno badala ya kukusogeza mbele. Tairi pana lenye upepo kiasi hulimeza kokoto likapita. Tangu muongo wa 2010 timu kubwa za Ulaya zimehama, kwanza hadi milimita 25, kisha 28 na zaidi. Wanaiita sayansi mpya. Wanarudi taratibu kuelekea kwa Black Mamba.

Matairi yanayouzwa kwa jina la misimu yote nayo yalibuniwa kwa misimu yao. Continental ya Ujerumani ina Grand Prix 4-Season, na msimu wa nne uliomo katika jina ni ule wa baridi kali, usiojulikana hapa ziwani. Ina pia Gatorskin, yaani ngozi ya yule binamu wa mamba anayeishi Amerika. Wajerumani wenzao wa Schwalbe wana Marathon, lililo zito na maarufu kwa watu wanaosafiri nchi hadi nchi. Siri ya matairi ya namna hii ni moja: chini ya mpira unaokanyaga barabara kuna tabaka la kitambaa kigumu au mpira mnene ambao mwiba unachoka kabla haujaupenya. Nyuzi za Kevlar, zinazotumika katika baadhi yake, zilitokana na kazi ya mwanakemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965.

Misimu yetu ni jua na mvua, na mara nyingi yote mawili siku moja. Mchana lami ya Kisumu inaungua. Alasiri wingu linajikusanya upande wa milima ya Nandi, na kabla hujafika nyumbani barabara inameremeta kwa maji, vumbi na oili ya magari. Dakika zile za mwanzo ndizo zinazoangusha watu. Mpira mgumu unaodumu sana huwa haushiki vizuri barabara iliyolowa, kwa hiyo anayekuahidi tairi lisiloisha na lisiloteleza anakuuzia maneno. Mimi nilichagua la katikati. Meno hayanisumbui: tairi la baiskeli ni jembamba mno kuelea juu ya maji kama la gari, na kwenye lami tairi laini linatosha. Meno yanahitajika ukiiacha lami na kuingia matopeni. Nilichokagua sana ni ubavu, maana jua la ikweta huukausha mpira ukapasuka mistari midogo kama kisigino cha kiangazi, hata kama sehemu ya kukanyagia bado ina uhai.

Safari yangu ya kwanza dukani iliishia aibu. Niliomba tairi la inchi 28, nikapewa la inchi 28, nikapanda nalo Milimani likining'inia begani. Likapwaya kwenye rimu kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Muuzaji hakunidanganya. Gurudumu la Black Mamba na la baiskeli ya mashindano yote huitwa 28, lakini la kwanza lina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, na la pili 622. Milimita 13 tu, na hela zangu zikalala.

Sasa natumia matairi ya milimita 28 yenye tabaka la kuzuia miiba, upepo paundi 70 hivi, na mvua kubwa zimenipitia bila pancha. Ningeenda hadi 32 kama breki zangu zingeruhusu. Pima kwanza: penseli ikishindwa kupita kati ya tairi na breki, tope litashindwa pia. Na kabla hujatoa pesa, geuza tairi usome maandishi madogo ubavuni. Kwa baiskeli ya mashindano tafuta 28-622 au 32-622. Ukiona 635, rudisha rafuni. Hilo ni la Black Mamba.