Kibaba cha tele, kibaba cha mfuto na GB 35 zilizopotea

Jamani, swali hili halichoki kuulizwa hapa Kilindoni. Umenunua laptopu mpya, boksi limeandikwa GB 500, unaiwasha, Windows inakwambia una 465. Hujaweka hata wimbo mmoja! Wengi kisiwani jibu wanalo tayari: muuza duka wa Dar kakupiga. Na kurudi kudai ni nauli ya boti hadi Nyamisati, halafu basi.

Mimi namtetea muuza duka, angalau kwa hili. Waulizeni wazee waliopimiana nafaka. Kulikuwa na kibaba cha tele, kinachojazwa mpaka kinafanya kilima, na kibaba cha mfuto, kinachofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Jina moja, vipimo viwili. GB nayo ni hivyo hivyo.

Diski ya kwanza ya kompyuta, ya IBM, ilitoka mwaka 1956. Ilibeba herufi milioni 5, uzito wake kama tani moja, na uwezo wake ulihesabiwa kwa makumi, kama tunavyohesabu nazi. Lakini kumbukumbu ya ndani, RAM, huongezeka kwa kuzidisha mbili kwa mbili. Fanya hivyo mara kumi unapata 1,024. Mafundi wakaona si mbali na elfu, wakaiita kilo. Uvivu tu, nadhani. Kwenye kilo tofauti ni asilimia 2.4, nani angejali? Kwenye giga inapita 7, kwenye tera inakaribia 10. Diski zilivyokua, pengo nalo likakua.

Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, likatoa majina mapya: kibi, mebi, gibi. Mmewahi kuyasikia dukani? Apple ilihamia kwenye makumi mwaka 2009. Windows imebaki na 1,024 huku ikiandika GB. Basi gawa bilioni 500 kwa 1,073,741,824: 465 na ushee. Hakuna baiti iliyoibwa.

Kinacholiwa kweli kimo ndani ya hizo 465. Windows yenyewe inachukua makumi ya GB, na watengenezaji wengi hutenga kipande kilichofichwa cha kuirudisha mashine ilivyotoka kiwandani. Fungua sehemu ya Windows ya kusimamia diski, jumlisha vipande vyote. Vikifika 465 hivi, lala. Vikiishia 238, umeuziwa diski ya 256. Hapo panda boti.