Jinsi ya kudhibiti hamu ya vitu vitamu kwa anayepunguza wanga

HAMU ya vitu vitamu ni miongoni mwa sababu zinazowafanya watu wengi washindwe kuendelea na mlo wa kupunguza uzito au wa kudhibiti kisukari. Katika mji wa Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, tatizo hilo lina sura yake, kwa kuwa wanga ndio msingi wa karibu kila mlo, na utamu huongezwa juu ya wanga huo badala ya kuchukua nafasi yake.

Uwanda huo, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni miongoni mwa maghala ya mahindi ya Tanzania. Mbali na mahindi, wakulima wake huzalisha ulezi, maharage, ngano, alizeti na karanga. Asubuhi za baridi, hasa mwezi Juni na Julai, chai ya moto yenye sukari nyingi huambatana na maandazi au chapati, kisha mchana na jioni hufuata ugali.

Kutokana na hali hiyo, anayekusudia kupunguza wanga hana budi kuhesabu vitu viwili: sukari anayoiona kwenye kijiko na wanga ambao ulimi hauuoni kuwa mtamu. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga wa takribani gramu 75. Ulezi, unaosifika kwa wingi wa madini ya kalsiamu na nyuzinyuzi, haupishani sana na mahindi kwa wingi wa wanga. Ni chakula bora, lakini si chakula chenye wanga kidogo, na kubadili unga bila kupunguza kipimo cha ugali hakutoshi.

Chanzo cha hamu

Mtu anapokula wanga unaosagika upesi tumboni, kama vile maandazi na chai ya sukari, kiwango cha sukari katika damu hupanda haraka. Kongosho hutoa homoni ya insulini ili kukishusha. Kwa baadhi ya watu, saa chache baadaye kiwango hicho hushuka kiasi cha kuamsha njaa upya, nayo njaa hiyo hudai kitu kitamu.

Sababu nyingine ni kuruka mlo. Mtu anayeshinda bila kula kwa nia ya kupungua haraka hufika jioni akiwa dhaifu mbele ya kila kinachouzwa barabarani. Aidha, kukosa usingizi wa kutosha huongeza njaa, na mazoea nayo yana nguvu: mwili uliozoeshwa soda kila saa nne asubuhi huidai saa hiyo hiyo, hata kama tumbo halina njaa.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ya kudhibiti hamu ni mlo wenyewe. Sahani yenye ugali mdogo, mboga za majani nyingi, na maharage, mayai, dagaa au migebuka ya Ziwa Tanganyika hushibisha kwa muda mrefu kuliko ugali mkubwa wenye mchuzi mwepesi. Protini, mafuta kiasi na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu.

Asali, togwa na soda

Wapo wanaoacha sukari ya dukani na kuhamia kwenye asali kwa imani kuwa haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Asali halisi ya misituni ina ladha na sifa zake, lakini takribani asilimia 80 yake ni sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha asali huingiza mwilini sukari inayokaribia vijiko vinne vidogo vya sukari nyeupe. Miwa na sukari-guru navyo viko katika kundi hilo hilo.

Togwa, kinywaji cha jadi kinachopendwa katika mikoa ya nyanda za juu kusini, huwadanganya wengi zaidi. Utamu wake hutokana na kimea cha ulezi. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga wa uji na kuugeuza sukari. Ndiyo maana togwa huwa tamu hata isipotiwa sukari, na ndiyo maana anayedhibiti kisukari hapaswi kuinywa kama maji.

Kwa upande wa soda, chupa ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hadi 40, sawa na vijiko vidogo tisa au kumi. Kinywaji cha namna hiyo hupita upesi na hakishibishi.

Kiasi kinachoshauriwa

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, kiasi hicho ni gramu 50, yaani vijiko vidogo 12 hivi. Shirika hilo lilieleza kuwa kushuka hadi chini ya asilimia 5, sawa na vijiko sita, kunaleta manufaa zaidi.

Haba na haba hujaza kibaba. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwishatumia vijiko tisa. Akiongeza soda moja, amevuka kiwango cha juu kabla ya kugusa kitafunwa chochote.

Njia inayovumilika ni kupunguza kwa awamu. Anayetia vijiko vinne ashuke hadi vitatu kwa wiki moja au mbili, kisha viwili, kisha kimoja. Ulimi huzoea, na baada ya muda chai ya zamani huonekana tamu kupita kiasi. Tangawizi, iliki na mdalasini huipa chai ladha bila kuongeza sukari, ingawa viungo hivyo si dawa ya kisukari na havichukui nafasi ya dawa za hospitali.

Kuhusu vidonge na unga wa kutia utamu usio na sukari, WHO ilitoa mwongozo mwaka 2023 ikishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Hata hivyo, kwa yeyote yule, kuuzoesha ulimi utamu mdogo ni njia ya kudumu zaidi.

Vitafunwa vinavyofaa

Mashamba ya Ufipa yenyewe yana vitu vinavyoweza kukata hamu. Boga lililochemshwa ni mfano mzuri: kwa kawaida gramu 100 zake zina wanga wa gramu 5 hadi 10 tu kulingana na aina, wakati viazi vitamu vya uzito huo vina karibu gramu 20. Likipondwa na kunyunyiziwa karanga zilizosagwa na mdalasini kidogo, huwa kitamutamu kisichohitaji sukari. Mbegu zake zikikaangwa kavu ni kitafunwa kingine.

Konzi moja ya karanga, takribani gramu 30, ina wanga wa gramu 5 hivi. Lakini karanga zina mafuta mengi, na konzi hiyo hubeba kilokalori zipatazo 170, hivyo zipimwe mkononi na si kuliwa kutoka kwenye mfuko. Zilizoota ukungu au kusinyaa zitupwe, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu inayodhuru ini.

Maparachichi, mayai ya kuchemsha na mtindi usiotiwa sukari navyo vinafaa. Kwa anayetamani tunda, pera hutosheleza kwa utamu na nyuzinyuzi zake. Tunda lililiwe zima, maana likigeuzwa juisi nyuzinyuzi nyingi hupotea na sukari hubaki.

Chapati ndogo za karanga zinaweza kuchukua nafasi ya maandazi. Hupondwa nusu ya ndizi mbivu ndogo, huchanganywa na mayai mawili, vijiko vikubwa vinne vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, pamoja na chembe ya chumvi na mdalasini. Mchanganyiko hukaangwa kwa mafuta kidogo ya alizeti, moto mdogo, katika vipande vidogo. Kwa watu wawili, kila mmoja hupata wanga usiozidi gramu 10, wakati andazi moja la kawaida huweza kuwa na gramu 20 hadi 30.

Kitu kitamu kikiliwa, ni vyema kiliwe mara baada ya mlo, kwa kipimo kilichopangwa, badala ya kuliwa tumbo likiwa tupu. Kujikataza kabisa mara nyingi huishia katika kula kupita kiasi siku moyo unaposhindwa.

Wasiopaswa kujipunguzia wanga

Mlo huu ni wa watu wazima wenye sababu ya kiafya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wamedumaa. Mtoto hapaswi kunyimwa chakula kwa sababu mzazi yumo katika mlo wa kupungua. Anachohitaji ni nyongeza ya maharage, mayai, samaki, maziwa na mboga. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wasianze mlo huo bila ushauri wa mtaalamu.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Wakipunguza wanga ghafla huku kipimo cha dawa kikibaki kile kile, sukari yao huweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Kutetemeka, jasho jembamba, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na njaa ya ghafla si hamu ya kawaida, bali ni dalili za hatari.

Wakati huo sukari ndiyo dawa. Mgonjwa apewe vijiko vidogo vinne vya sukari katika maji, apimwe au aangaliwe baada ya dakika 15, arudiwe kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Karanga au parachichi havitamsaidia upesi. Akiwa amepoteza fahamu, asilishwe wala kunyweshwa chochote, bali awahishwe katika kituo cha afya kilicho karibu.

Kabla ya kubadili mlo, mgonjwa wa namna hiyo aende katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga au kituo chake cha kawaida ili dawa zipangwe upya sanjari na chakula. Kijiko cha sukari kinaweza kupunguzwa nyumbani. Kipimo cha dawa hupunguzwa na daktari.