Kloramfenikoli: Dawa ya macho inayoshikwa kwa glavu maabarani

KATIKA maduka ya dawa, kloramfenikoli hufahamika zaidi kama matone au mafuta ya macho. Maabarani, poda iyo hiyo hupimwa na mtu aliyevaa glavu, tena kwa hadhari kubwa.

Kemikali hii ilitambuliwa mwaka wa 1947 kutokana na bakteria wa udongoni, Streptomyces venezuelae, waliopatikana nchini Venezuela. Kufikia 1949 wanakemia walikuwa wamefaulu kuiunda bila kumtegemea kiumbe huyo.

Ni fuwele nyeupe, wakati mwingine zenye umanjano hafifu, na ni chungu mno, ingawa hakuna anayeshauriwa kuonja. Huyeyuka joto lifikapo nyuzi 150 hivi. Maji huipokea kwa shida: mililita moja hubeba takriban miligramu mbili na nusu tu. Katika ethanoli huyeyuka bila taabu, na ndiyo sababu watafiti huitayarisha humo, aghalabu miligramu 25 hadi 34 kwa kila mililita, kisha wakaihifadhi gizani kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Ethanoli hushika moto upesi, basi mwali usiwe karibu.

Ndani ya bakteria, kloramfenikoli hushikamana na ribosomu, yaani viwanda vya kuundia protini, na kuvizuia kufanya kazi. Bakteria wengi hawafi papo hapo. Hukoma tu kukua. Ribosomu za kuvu zina umbo jingine, hivyo kuvu huendelea kustawi. Tofauti hiyo ina manufaa makubwa kwa anayechunguza unga au nafaka: hutia miligramu 100 katika lita moja ya rojo la kuoteshea vijidudu, bakteria wakazimwa, kuvu wakajitokeza. Aidha, kloramfenikoli hustahimili mvuke wa nyuzi 121 unaotakasa rojo hilo, jambo lisilowezekana kwa ampisilini.

Wakenya wana sababu ya kuithamini kazi hiyo. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumu yenyewe hupimwa kwa njia nyingine, lakini kuvu anayeitoa, Aspergillus flavus, anaweza kuoteshwa na kutambuliwa kwenye sahani za namna hii.

Mbona basi hofu? Kwa wagonjwa wachache sana, hukadiriwa mmoja kati ya 24,000 hadi 40,000, dawa hii imesababisha uboho kuacha kutengeneza damu. Madhara hayo hayategemei wingi wa dawa, na huweza kuzuka wiki au miezi baadaye. Kadhalika, tangu 1990 imeorodheshwa miongoni mwa vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Kwa hivyo poda ipimwe ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza hewa, na vumbi lililomwagika lipanguswe kwa kitambaa kibichi; kamwe lisifagiliwe.

Masalio nayo yasimwagwe kwenye sinki. Bakteria wa homa ya matumbo walioishinda dawa hii walizua mkurupuko nchini Mexico mwaka wa 1972, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 wenzao walikuwa wamebainika Kenya. Mvuke huua bakteria waliomo kwenye sahani, lakini kemikali hubaki. Masalio yake hukusanywa katika chombo chenye kifuniko na lebo, yakapelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka za kemikali.