PEPO, KITI NA KILINGE: Uitaji Roho wa Karne ya 19 kati ya London na Visiwa vya Lamu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika historia ya lugha yetu, nalo ni jinsi uteuzi wa maneno ulivyoweza kutenganisha mambo mawili yaliyokaribiana. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watu wa Uingereza, wasomi na wasiokuwa wasomi, walikutana katika vyumba vyenye kiza ili wazungumze na roho. Miaka hiyo hiyo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikutana katika vilinge, wakapiga ngoma na kufukiza ubani, nao wakazungumza na pepo. Mkutano wa kwanza huandikwa katika vitabu vya historia kuwa ni jumuiya yenye fasihi yake. Wa pili huandikwa kuwa ni ushirikina. Swali letu ni hili: je, tofauti hiyo imo katika mambo yenyewe, au imo katika majina yaliyopewa?

Tumeuchagua mji wa Chundwa, katika Kisiwa cha Pate, kuwa mahali pa kulitazamia swali hili. Chundwa ni mji wa wavuvi na wakulima, jirani ya Siyu, Mbwajumwali na Faza, na lugha yake imo katika kundi la lahaja za kaskazini pamoja na Kitikuu, Kisiyu, Kipate na Kiamu. Ng'ambo ya mkondo iko bara ya Waboni, Waoromo na Wasomali. Baharini ziko njia za Arabuni na Bukini. Mahali kama hapo panafaa sana kwa uchunguzi wa pepo, kwa kuwa, kama tutakavyoona, pepo wa pwani wana makabila na wana lugha.

2. Jumuiya za London na maandishi yake

Habari za uitaji roho wa kisasa huanzia kwa kawaida katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, mnamo Machi 1848, ambapo mabinti wa nyumba ya Fox walidai kujibizana na roho ya mfu kwa milio ya kugonga. Mwaka 1852 Bi Maria Hayden alivuka bahari kutoka Marekani akafungua vikao vyake London. Kufikia mwaka uliofuata mchezo wa kugeuza meza ulikuwa umeenea mno, hata mwanasayansi Michael Faraday akafanya jaribio kuthibitisha kwamba meza husukumwa na mikono ya waketio bila ya wenyewe kujijua.

Jambo linalotuhusu zaidi ni wingi wa maandishi yaliyotokana na vikao hivyo. Mwaka 1855 lilitoka Yorkshire Spiritual Telegraph katika mji wa viwanda wa Keighley. Baadaye yakafuata The Spiritualist (1869), Medium and Daybreak (1870) na Light (1881). Mwaka 1873 iliundwa British National Association of Spiritualists. Mwaka 1882 iliundwa Society for Psychical Research, iliyoongozwa kwanza na mwanafalsafa Henry Sidgwick, si kwa kuamini bali kwa kupima. Nayo mwaka 1886 ikatoa Phantasms of the Living, kitabu cha majuzuu mawili chenye visa zaidi ya 700. Wapinzani nao hawakunyamaza: mshairi Robert Browning alitunga shairi refu la kumkejeli mwita roho mwaka 1864, na mwaka 1888 mmoja wa mabinti wa Fox alitangaza hadharani kwamba milio ile ilikuwa hila, ingawa mwaka uliofuata aliikana kauli hiyo. Imani na shaka, zote mbili zilipigwa chapa. Kwa hiyo mwanahistoria wa leo akiitaka kumbukumbu huipata rafuni.

3. Kilinge cha pwani

Mtu asidhani kwamba visiwa vya Lamu vilikuwa nchi isiyojua kalamu. Siyu, mwendo mfupi kutoka Chundwa, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanavyuoni wake na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi wake mwaka 1858, mwongo mmoja tu baada ya habari za Hydesville. Ndani yake anamuusia bintiye na kuyafananisha mausio hayo na hirizi. Fumbo hilo ni la uganga wa maandishi: aya, wino, karatasi na uzi. Uganga wa ngoma hauna nafasi katika utendi huo.

Uganga huo wa ngoma ulikuwa na utaratibu wake uliojulikana pwani nzima. Mwele huletwa kwa mganga au fundi. Hufukizwa, huimbiwa na kupigiwa ngoma mpaka pepo apande kichwani. Pepo akiisha kupanda huulizwa jina lake, kabila lake na haja yake. Hujibu kwa kinywa cha mwele, mara nyingi kwa lugha ngeni au kwa Kiswahili kilichogeuzwa lafudhi. Kisha hufuata mapatano: pepo hutaka nguo, pete, chakula katika sinia au damu ya mnyama, na watu wa nyumba hutaka mgonjwa wao aachwe apumzike. Mapatano yakikamilika, mwele hupona na kuingia chamani akawa mteja; na baadhi ya wateja huwa waganga nao. Hapa tunaona mambo yote yaipasayo jumuiya: kuingizwa, vyeo, ada, siri na nyimbo za pamoja.

Pepo wenyewe ni wa makundi mengi. Kamusi za zamani zinawataja kinyamkera, dungumaro, kitimiri, subiani na ruhani. Linda Giles, aliyefanya utafiti pwani ya Kenya na Tanzania katika miaka ya 1980, alikuta pepo wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kisomali, wa Kigala (ndilo jina la zamani la Waoromo), wa Kimasai na wa Kibuki. Orodha hiyo ni ramani ya watu waliopambana na Waswahili kwa biashara, kwa vita, kwa ndoa na kwa utumwa. London nako wageni waliitwa: roho wengi waliowaongoza waitaji wa Kiingereza walisemekana kuwa Wahindi Wekundu wa Marekani.

Tofauti ya itikadi lazima ikubaliwe. Roho wa London walikuwa hasa wafu, na mara nyingi jamaa wa waliohudhuria. Pepo wa pwani kwa kawaida si wafu. Huhesabiwa katika jamii ya majini, viumbe ambao Kurani yenyewe inawataja na kuwapa sura nzima, ya 72. Kwa sababu hiyo mwanachuoni wa Siyu au wa Lamu hakubishana juu ya kuwako kwao. Alichokataa ni kuwafuata, kuwapa damu na kuwatii. Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake juu ya mji wa Lamu cha mwaka 1974, ameonyesha jinsi habari za majini zilivyoshikamana na mafundisho ya dini mjini humo.

Basi kwa nini kilinge hakikuandikwa? Sababu ya kwanza ni kwamba kalamu ilikuwa mikononi mwa wale waliokikataa. Ya pili ni kwamba elimu ya kilinge hupokezwa kutoka kwa mganga hadi kwa mteja, na wimbo wa pepo ni dawa iwapo unaimbwa. Ukiandikwa tu haufanyi kazi yake. Mswahili aliyeeleza habari hizi kwa urefu na kwa lugha yake mwenyewe ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, naye maelezo yake yalipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 katika kitabu cha Carl Velten juu ya desturi za Waswahili. Hakuwa mtu wa visiwa vya kaskazini, wala hakuwaandikia Waswahili wenzake.

4. Burton katika pande mbili

Yuko mtu mmoja aliyesimama katika pande zote mbili za habari hii, naye ni msafiri Richard Burton. Katika The Lake Regions of Central Africa (1860) aliwaeleza pepo wa nchi zilizo kati ya pwani na maziwa makuu, na jinsi mganga anavyomvuta pepo kwa ngoma na michezo atoke mwilini mwa mgonjwa aingie katika kitu fulani, kama vile ushanga au ukucha wa simba. Burton aliandika kwamba kitu hicho huitwa "keti", na akafasiri kuwa ni kigoda. Bila shaka neno hilo ni kiti.

Miaka kumi na minane baadaye, mnamo Desemba 1878, Burton huyo huyo alihutubia mkutano wa British National Association of Spiritualists mjini London kuhusu uitaji roho katika nchi za kigeni. Alikaribishwa kama mtaalamu mbele ya watu waliokuwa na gazeti, ofisi na maktaba. Hata hivyo katika kitabu chake mganga ni mshenzi mwenye ngoma, na pepo ni upuuzi wa watu wasiostaarabika.

5. Neno kupunga

Hapa ndipo wataalamu wa lugha wanapoingia. Waingereza, katika kusema habari za kwao, waliteua maneno matulivu. Mtu aliyepandwa na roho walimpa jina lenye maana ya aliye katikati, yaani mpatanishi. Mkutano wao waliuita kikao au duara. Lakini walipofasiri mambo ya pwani walitumia maneno mengine. Kupunga pepo, kwa mfano, kulifasiriwa kuwa ni kumfukuza pepo mbaya. Hivyo ndivyo ilivyo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Mwaka 1936 Hans Koritschoner alipoieleza ngoma hiyo kwa wasomi wa Kiingereza, aliipa jina la ngoma ya shetani.

Tulitazame neno lenyewe. Kupunga ni kutikisa kitu hewani kwa taratibu: mtu hupunga mkono, hupunga kitambaa, huenda kupunga upepo ufukweni. Pepo, upepo na hata peponi ni maneno ya jamii moja, kama vile neno la Kilatini ambalo Waingereza wamelipata jina la roho lilivyokuwa na maana ya pumzi. Katika kupunga hakuna fimbo wala laana. Na ndivyo kitendo kilivyo: pepo huburudishwa, huulizwa na kuridhishwa, mara nyingi hatoki kabisa, bali hubaki na mtu wake kwa masharti. Ndiyo maana mtu huyo naye huitwa kiti cha pepo. Maana yake haiko mbali na jina walilojipa waitaji wa London, na lau Burton angalilifasiri hivyo mbele ya wasikilizaji wake wa 1878, wangalimfahamu mara moja.

6. Matokeo ya majina

Majina hayakuishia katika kamusi. Huko London mwita roho wa Kimarekani Henry Slade alishtakiwa mwaka 1876 kwa sheria ya wazururaji ya 1824, akahukumiwa, kisha akaachiliwa katika rufani. Mwaka 1951 bunge la Uingereza lilifuta sheria ya uchawi ya 1735 na kuweka mahali pake sheria ya kuwaadhibu waitaji wadanganyifu tu. Mwenye nia njema akaachwa. Nchini Kenya serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1925, iliyomtia hatiani mtu anayejitangaza kuwa mganga awezaye kutia hofu, kuudhi au kudhuru. Nayo ilikuwa ingali ikitumika nchi ilipopata uhuru mwaka 1963. Kwao sheria ilitafuta kumtenga mwongo na mkweli. Huku ilianza na jina la mchawi.

Wanazuoni nao waliathirika. I. M. Lewis, katika kitabu chake cha 1971, aliziona ngoma za pepo kuwa ni njia ya wanyonge, hasa wanawake, kudai haki wasiyoweza kuidai waziwazi. Giles alimjibu mwaka 1987 kwa kuonyesha kwamba vilinge vya Waswahili vilikuwa na wanaume pia, na watu wa hadhi. Alex Owen, alipoandika juu ya wanawake waita roho wa Uingereza mwaka 1989, alikuwa na magazeti na barua zao wenyewe za kumsaidia. Mtafiti wa kilinge hana hazina kama hiyo, na pengo lake hujazwa kwa urahisi na nadharia.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba London na pwani zilikuwa na jumuiya zilizolingana kwa wakati na kwa muundo, ingawa zilitofautiana katika itikadi. Kilichozitenga zaidi ni kumbukumbu na majina. Yatupasa basi kufanya kazi tatu. Kwanza, kamusi zetu zifasiri kupunga, kiti, mteja na kilinge kwa maana iliyo katika matumizi, wala zisirithi fasiri za wamisionari. Pili, nyimbo za pepo ziingizwe katika historia ya fasihi simulizi ya Kiswahili, na lugha ngeni ndani yake zichunguzwe kama ushahidi wa mawasiliano ya watu. Tatu, ukusanyaji uanzie katika miji midogo kama Chundwa, ambako lahaja haijafunikwa na Kiswahili Sanifu. Kwani wimbo wa kilinge ukiandikwa kwa sarufi ya shuleni umekwisha kupoteza nusu ya habari zake.

Kazi hiyo itahitaji adabu. Wako watu visiwani wanaoona kilinge kuwa dhambi, na hoja yao ni ya kidini, haina budi kuheshimiwa na kuandikwa pamoja na mengine. Wako pia wenye nyimbo wasiopenda zitoke nje ya chama, na ridhaa yao ni sharti la kwanza. Kuandika si kuamini. Society for Psychical Research iliandika visa 700 bila ya kuwalazimisha wasomaji wake kuamini hata kimoja. Wazee wanaozijua nyimbo hizi wanapungua, na hakuna gazeti la mwaka 1855 litakalotuhifadhia walichokijua.